Waraka kwa Muungwana Aliyeniuzia Kiko

Kwako muungwana, mwenye duka la vinyago na vitu vya kale.

Natumaini waraka huu utakukuta u mzima wa afya huko ulikohamishia biashara bila kutuaga. Mimi ni yule mstaafu wa Lyamkena, mwenye koti la kaki, uliyenikaribisha kiti dukani kwako Makambako, jirani na njia panda ya Songea, ukaniagizia chai ya tangawizi kabla hata sijataja shida yangu. Ukarimu ule sijausahau. Nimepiga hesabu nikaona ndiyo chai ya bei kubwa kuliko zote nilizowahi kunywa, ila tangawizi ilikuwa ya kutosha, na hilo sina budi kulishuhudia.

Unakumbuka, bila shaka, kwamba nilikueleza waziwazi kuwa sijapata kumiliki kiko maishani. Nilitaka cha kwanza, cha kujifunzia, kisicho na makuu. Wauzaji wengine wakisikia mnunuzi hajui kitu, humcheka chinichini. Wewe hukunicheka hata kidogo. Ulisogeza kiti, ukashusha sauti, ukaniambia nina bahati, kwa kuwa kimebaki kimoja tu na kuna Mzungu wa Mufindi amekiwekea miadi. Ukakitoa kwenye kitambaa chekundu. Toza nyeusi yenye kung'aa, ndani nyeupe pe, na mdomo wa manjano uliopinda vizuri. Ukanithibitishia kuwa mti ni mpingo wa Lindi, kwamba ndani limetandikwa jiwe la Arusha, na kwamba mdomo ni pembe halisi. Bei, shilingi laki moja na nusu, ukaitamka kwa huzuni, kama mtu anayeagana na mtoto wake.

Niruhusu nianze na lile jiwe, maana hapo ndipo ulipozungumza vizuri zaidi. Ulinisimulia habari za Sinya, kule Longido, mpakani, ng'ambo tu ya Amboseli ya Wakenya, palipochimbwa jiwe jeupe na jepesi ambalo wataalamu huliita sepiolaiti. Ukanisimulia habari za Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha, iliyolitumia jiwe hilo kutengeneza viko vyenye alama ya tembo, vingine vikivikwa ngozi, vikauzwa hadi Ulaya na Marekani kwa jina la Kiko. Nimefuatilia, na nasema mbele ya kila atakayesoma waraka huu kwamba yote uliyosema kuhusu Arusha ni kweli. Jiwe lile lina vinyweleo tele. Hufyonza unyevu na lami ya tumbaku, moshi ukaja mkavu na usiochoma, na kadiri mwenyewe anavyovuta ndivyo weupe unavyogeuka rangi ya asali, kisha kahawia. Waturuki wa Eskişehir wana jiwe la jamii hiyo hiyo, laini zaidi, nao wamelichonga kwa vizazi vingi. Ungefaa sana kuwa mwalimu. Kasoro ya somo lako ni moja tu, kwamba halikuhusiana na kiko ulichokuwa umekishika mkononi.

Kwa maana kilichokuwa ndani ya toza yangu hakikugeuka rangi ya asali. Kiligeuka unga. Jioni ile ile ya kwanza, tumbaku haijafika hata nusu, nilisikia kitu kikipasuka taratibu, nikachungulia nikaona ufa umezunguka toza nzima. Nilipokung'uta majivu, yakatoka pamoja na vigae vyeupe na vumbi. Nikampelekea kijana mmoja jirani yangu, fundi wa dari, akavisugua kati ya vidole viwili na kucheka mpaka akakaa chini. "Mzee, hii si jipsamu?" Jasi, muungwana. Ile ile ya kupambia sebule za watu. Nawe mjuzi wa mawe huwezi kukosa kujua kwamba jasi imebeba maji ndani yake, na ikipata joto la kuzidi kidogo lile la maji yanayochemka huyatoa maji hayo na kurudi unga. Kaa la tumbaku lina joto la mara kadhaa ya hapo. Nakusifu kwa moyo wa kuthubutu, kwani si wengi wangechagua kutandika ndani ya jiko kitu kisichopenda moto.

Kuhusu mpingo, ulinifanyia na majaribio, jambo ambalo wauzaji wa siku hizi hawana subira nalo. Uliagiza beseni la maji, ukakitia kiko, kikaelea. Ukaniambia kwa fahari, "Umeona? Jiwe la Arusha ni jepesi hivyo." Nami nilipiga makofi. Usiku nikiwa kitandani ndipo likanijia swali ambalo adabu ilinizuia kulipeleka kwako kwa simu, na baadaye simu yenyewe ikawa haipatikani. Mpingo, kama ajuavyo kila mtoto wa Kusini, ni mti mzito kuliko maji. Kipande chake ukikitupa majini huenda chini moja kwa moja. Toza ile ilikuwa na mti mwingi na utando mwembamba wa hicho ulichokiita jiwe. Iweje ielee? Huo ulikuwa ushahidi wako mwenyewe, kwa maji yako na beseni lako, nami nimeutunza kwa heshima.

Jibu lilikuja lenyewe kwa njia ya pua. Toza ilipopata moto sawasawa, weusi ulianza kuhamia viganjani mwangu na nyumba ikajaa harufu mbili ninazozijua. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya viatu. Ya pili ilikuwa ya ulimbo, ile inayokukaribisha ukipita jirani na mashine yoyote ya kupasua mbao mkoani kwetu. Paini, muungwana! Sisi tunaoishi kati ya mashamba ya misonobari ya Njombe na msitu wa Sao Hill, ukatuletea paini iliyopakwa rangi ya viatu na kutuambia imesafiri kutoka Lindi. Mke wangu aliniuliza kama nimeamua kuvuta kenchi la paa. Sikuwa na la kumjibu.

Ulisema pia, nikinukuu kwa kumbukumbu, kwamba Wazungu huthamini mti mmoja tu wa viko na mti huo hauoti Afrika. Ulikusudia braya, kile kifundo cha mzizi ambacho mafundi wa Saint-Claude huko Ufaransa wamekuwa wakikichonga tangu karne ya 19, kwa sababu ni kigumu, hakina ulimbo, na hustahimili moto bila kuungua wala kuachia ladha mbaya. Kwa heshima zote, mti huo huota Afrika. Jina lake la kitaalamu ni Erica arborea, na anayepanda Kilimanjaro huupita njiani akishaumaliza msitu. Ni kweli kwamba vifundo vinavyochongwa viwandani hutoka nchi za pwani ya Mediterania. Lakini wewe hukuishia hapo. Ulisema hauoti, na uliapa. Nakutajia haya kwa sababu najua unapenda elimu.

Mdomo wa pembe sitausemea mengi. Ulilainika kwa joto kama plastiki yoyote, ukachukua alama za meno yangu, na sasa umenyooka.

Lakini kuna jambo moja ambalo jasi, paini na plastiki kwa pamoja havilifikii kwa uzito, nalo ni tundu. Kiko kizuri hata kikiwa cha udongo huhitaji tundu la moshi litokee chini kabisa ya toza, katikati, usawa wa sakafu yake. Likitokea juu zaidi, tumbaku iliyo chini ya tundu haipati hewa, haiungui, inalowa mate na maji ya moshi, na mvutaji anavuta huku kiko kinakoroma. La kwangu limetobolewa karibu nusu ya kimo cha toza. Nilipitisha njiti ya ufagio kutoka mdomoni nikaiona ikichomoza ukutani, ikiwa inanitazama. Laiti ungeniambia dukani, "Mzee, pitisha njiti kwanza uone inatokea wapi," ningeondoka na fedha zangu, nawe ungebaki na sifa. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mwanafunzi wa kiko angepaswa kufundishwa. Halina gharama, na ndilo pekee ambalo hukulitaja katika hotuba yako yote.

Hivi unakumbuka kuwa uliahidi kunifundisha? "Ukishanunua, mengine niachie mimi." Somo lilikuwa fupi. "Shindilia tu, halafu washa." Nilishindilia. Ikawa sawa na kunyonya ukuta. Aliyeninusuru ni mzee mmoja wa hapa mtaani kwetu, ambaye toza yake ni ya udongo na digali lake ni la mwanzi, na ambaye hakuwahi kuniita bosi. Alinionyesha kwamba tumbaku ya chini huwekwa kwa kulegea, ya juu ndiyo hubanwa kidogo. Kwamba ukiwasha mara ya kwanza tumbaku huinuka, basi hugandamizwa kwa upole na kuwashwa tena. Kwamba kiko kipya hujazwa nusu kwa siku za mwanzo hadi toza ijenge ukoko mwembamba wa kaa unaoikinga. Kwamba huvutwa polepole, na kikianza kuunguza kiganja ni lazima kipumzishwe. Akanionya pia nisichomoe digali kikiwa bado cha moto, kwa kuwa hapo ndipo viungo huvunjika. Yote hayo aliyasema kwa muda mfupi kuliko ule uliotumia wewe kunieleza habari za yule Mzungu wa Mufindi.

Ulinipa na zawadi, nami si mtu wa kusahau zawadi. Kile kipakiti cha tumbaku ulichosema kimetoka Denmark, cha bure kwa mteja wa heshima. Nilipokimwaga kwenye sahani nikakuta vipande vya karatasi nyembamba nyeupe na kichujio kimoja kilichosahauliwa. Nilivutiwa sana na kazi ya mikono yako, kwani kuvunja sigara moja moja kunataka utulivu. Ila tumbaku ya sigara hukatwa nyembamba mno na hukaushwa sana, ndani ya kiko huungua mbio na kuchoma ulimi, ilhali ile ya kiko hukatwa nene na kubakizwa na unyevu. Ulimi wangu ulijua tofauti hiyo kabla yangu.

Inanishangaza kidogo, nikisema ukweli, kwamba uliona haja ya kutaja Denmark ukiwa umesimama Makambako. Malori ya tumbaku ya mvuke kutoka Chunya hupita hapa yakielekea Morogoro viwandani. Tumbaku ya moshi, ile nyeusi na kali, hulimwa Namtumbo na Songea, mwisho wa barabara iliyo mbele ya duka lako. Ungeniambia ni ya Namtumbo ningekuamini upesi zaidi, na ingekuwa rahisi kwako kuipata.

Uliahidi kwamba upepo wa Makambako hautakizima. Nilikuuliza hilo mahsusi, kwa kuwa wewe ulikuwa mgeni na mimi nimeishi na upepo huu, unaong'oa mabati Lyamkena na ambao watu wenye akili wanaufikiria kwa ajili ya umeme. Ukasema utaniletea kifuniko cha waya, cha kukinga kaa, "wiki ijayo." Ukasema utaniletea na vijiti vya kusafishia vilivyovikwa pamba, pakiti nzima. Nilipita wiki iliyofuata. Fremu ilikuwa imefungwa, na mwenye fremu naye alikuwa akikutafuta kwa mapenzi yale yale.

Kisha afya. Ulinitazama ninavyokohoa kwa baridi ya Julai ukanihakikishia kuwa moshi wa kiko haudhuru, kwamba haushuki mapafuni, na kwamba wazee wa zamani waliutumia kama dawa ya kifua. Nina umri wa kuchagua ubaya wangu mwenyewe, kwa hiyo silalamikii moshi. Nalalamikia kuambiwa ni dawa. Kiko huleta saratani ya mdomo, ya midomo na ya koo, hata kwa asiyevuta moshi ndani, na mapafu nayo hayasalimiki. Waulize wanaohudumia wagonjwa wa saratani pale Ocean Road. Nchi yetu ina sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tangu mwaka 2003, na moja ya madhumuni yake ni kwamba mnunuzi aonywe. Wewe ulinionya jambo moja tu, nisimwambie mtu bei.

Sasa nije kwenye gunzi. Ninaamini utalipenda, kwa kuwa wewe ni mtu wa historia. Alikuwako mchonga mbao mmoja, Mholanzi aliyehamia Marekani, Henry Tibbe, ambaye mwaka 1869 katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, alianza kutengeneza viko kwa magunzi ya mahindi. Kiwanda alichokianzisha kipo hadi leo, na kinaitwa Missouri Meerschaum, yaani kimejipa jina la lile jiwe letu la Sinya na la Waturuki. Magunzi huchaguliwa yaliyo magumu, hukaushwa kwa muda mrefu, hutobolewa, hutiwa digali. Ni viko vya bei ndogo, vyepesi, havina haja ya kujengewa ukoko kwa uangalifu mwingi, na wavutaji wazoefu huwashauri wanaoanza waanze navyo. Mwaka 1878 Tibbe alipata hataza ya kupaka magunzi yake jasi ili kujaza vishimo vya nje. Umeona, muungwana? Naye alitumia jasi. Ila yeye aliipaka nje.

Na sisi hapa tunaishi juu ya magunzi. Msimu wa kupukuchua ukifika, kila ua Lyamkena lina lundo lake, tunayatumia kuchemshia maji ya kuoga. Kama ungeokota gunzi moja gumu, ukalitoboa sawasawa hadi chini, ukachomeka kijiti cha mwanzi, ukaniambia, "Mzee, jifunzie hiki, ni shilingi elfu tano, ukikiunguza njoo nikupe kingine," ningelipa elfu kumi na kukutangaza mpaka Wanging'ombe. Ungekuwa umeniuzia kiko. Mimi nililipia hadithi ya Arusha, hadithi ya Lindi na hadithi ya Denmark, zote tamu, nikarudi nyumbani na kipande cha kenchi chenye dari ndani.

Nilipoomba risiti, nakumbuka uliguswa. Ulisema mashine ina hitilafu, ukararua kipande cha boksi la sabuni na kuandika kwa mwandiko mzuri ajabu, "Kiko 1 cha mpingo na jiwe la Arusha, 150,000. Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Katika ahadi zako zote, hiyo ya mwisho ndiyo uliyoitimiza kwa ukamilifu. Lakini mstari wa kwanza ndio ninaoupenda zaidi. Umetaja mti, umetaja jiwe, na umeweka sahihi. Kijana mmoja wa jirani anayesomea sheria amenifahamisha kuwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kinachouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo, na kwamba kuandika "hairudishwi" chini yake hakugeuzi paini kuwa mpingo. Kipande cha boksi ninacho, nimekitia kwenye nailoni kwa sababu ya mvua. Vigae vya jasi ninavyo. Njiti ya ufagio nimeiacha humo humo tunduni, ili yeyote atakayekikagua asipate taabu.

Nasikia umefungua duka jipya Mafinga na kwamba biashara inakwenda vizuri. Nakupongeza. Nakuomba tu, mstaafu mwingine akiingia akakuambia hajapata kumiliki kiko, mwache apitishe njiti tunduni kabla hujamwagizia chai. Nami nakuomba unirejeshee shilingi laki moja na nusu kabla ya msimu wa kupanda kuanza, kwa maana nina mbolea ya kununua. Zitume kwa simu, kwa namba yangu ile ile uliyoiandikia "Karibu tena." Makato ya kutuma nitayabeba mimi. Kiko chako nitakirudisha kwa basi la kwanza, pamoja na unga wake.

Wako katika utiifu,
Mteja wa Lyamkena,
Makambako.